Udongo wa Fighi

Kwanza ilikuwa sauti. Chwaa, chwaa, chwaa, kama mtu anayepepeta mchele usiokwisha, ila nzito zaidi, na kila baada ya muda vijiwe vilidondoka juu ya bati kuukuu. Nilikuwa bado nimejifunika blanketi usoni. Nilijua ni mama, yuko nyuma ya jiko, ameshika chekecheke la waya kwa mikono miwili na anachekecha udongo mweusi kabla jua halijapanda. Sijafungua hata jicho, na tayari furaha imenijaa kifuani. Sauti ile ilimaanisha Jumamosi imefika.

Naanza na furaha kwa sababu ndiyo inayonisumbua hadi leo. Kama ningefanya yale kwa kulazimishwa, nadhani ningeyasahau. Niliyafanya nikiimba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, huku kwetu juu Chawia. Kuni zilikuwa zimeanza kuwa mbali, na wanawake walishuka nazo mgongoni tangu asubuhi hadi jua la utosi. Ndipo likaanzishwa darasa la miti katika uwanja wa kanisa. Mwalimu wake alikuwa afisa wa misitu, kijana mwembamba kutoka bara, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Sisi tulimwita Bwana Miti. Kila Jumamosi alitutembeza vilimani, wanawake wa chama cha kupanda miti, wazee wachache waliokuwa na nafasi, na sisi watoto wa shule tuliokwisha kuteka maji. Mtindo wake ulikuwa kusimama chini ya mti mmoja na kumwomba kila mtu ataje jina analoliita kwao.

"Huu mnauitaje?"

"Sisi tunauita mti," akajibu jirani yetu, mwanamke mnene aliyekuwa na neno kwa kila jambo.

"Mama, huu una jina lake."

"Na mkeo je, hana jina? Kila wiki unatudai majina ya miti, la mkeo hujatuambia."

"Sina mke, mama."

"Ndiyo maana unazungumza na miti!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Naye alicheka, akangoja watulie, akauliza tena. Halafu ndipo wangeanza kubishana kwa dhati, kwa maana waliotoka Ronge walikuwa na jina lao na sisi letu, na kila upande uliona mwingine umeukosea mti heshima. Kwa ubishi huo nilijifunza. Nilijifunza kuwa jani la mringaringa hukwaruza kama ulimi wa paka, na kuwa jani la mwiri ukilifikicha linatoa harufu kali, ya kuumiza pua. Nilijifunza kuutambua mkenge kwa mbali, jinsi unavyotandaza matawi yake kama mtu anayeanika nguo. Nilikuwa nimepita chini ya miti hiyo tangu nizaliwe, na sasa ilikuwa kama watu waliogeuka wakanionyesha nyuso.

Bwana Miti alitufundisha pia jinsi jani linavyoanguka, linavyooza, linavyokuwa mboji, na jinsi mboji inavyourudia mzizi. "Msitu unajipikia wenyewe," alisema. Maneno hayo niliyarudia wiki nzima, nikiwaambia hata mbuzi wetu.

Mama alipewa kazi ya kutunza kitalu cha miche ya chama kwa sababu kwetu kulikuwa na mfereji karibu. Wakaanza kumwita Mama Kitalu. Baba alikuwa kibarua wa reli Voi na alipanda huku mwisho wa mwezi tu, kwa hivyo kwa muda mrefu mama alikuwa mke wa mtu asiyekuwepo, katika boma la watu wa mumewe. Kitalu kilimpa mwendo mwingine. Watu walikuja kumuuliza mambo. Alisimama mlangoni mkono kiunoni, na mdogo wangu mchanga mgongoni, akajibu kama mtu mwenye ofisi.

Lakini udongo wa kwetu ni mwekundu na mzito, ukikauka unapasuka kama chungu. Miche ya kwanza ilitoka na rangi ya njano, ikasimama hapo hapo, ikafa. Bwana Miti alisema miche inahitaji udongo mweusi wa msituni. Na kwenye mgongo wetu wa kilima msitu uliobaki ulikuwa mmoja tu, fighi.

Fighi ni kipande cha msitu ambacho wazee waliacha kwenye kila mgongo wa kilima ili kiwalinde watu wa pale. Hakikatwi. Hata tawi lililovunjwa na upepo huachwa lilale lilipoanguka. Chetu kilitunzwa na ukoo wa baba, na babu yangu, kabla hajafa, alikuwa mmoja wa watunzaji wake. Nyanya, mjane wake, aliishi kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya ua wetu. Alikuwa mtu wa kanisa kama sisi sote, na Jumapili alikaa benchi la mbele. Hata hivyo, kila alipopita chini ya fighi aliteremsha mzigo wake kichwani, akapita nao mkononi, kisha akajitwika tena.

Alikuwa jikoni kwetu akichambua maharagwe siku mama alipomwambia.

"Mama, wanachama wamekubaliana tuchukue udongo kidogo kule juu. Ukingoni tu, hatutaingia ndani."

Nyanya hakuinua macho. "Kule hakutoki kitu."

"Hatuchukui kuni, mama. Hatuchukui hata jani. Ni udongo."

"Na majani yakianguka yanakuwa nini?"

Kabla mama hajajibu, mimi nikaingilia. Hakuna aliyeniuliza. Nilijibu kwa sauti ile ya darasani, ya kunyoosha kidole: "Yanakuwa mboji, nyanya. Msitu unajipikia wenyewe."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha kujivunia mtoto wake, nadhani, wala hakukusudia ubaya. Nami nikacheka kwa kuwa mama amecheka. "Umesikia mjukuu wako?" akasema. "Udongo ni udongo tu, mama."

Nyanya aliyaweka chini maharagwe aliyokuwa nayo mkononi. Akajifunga leso vizuri, akainuka kwa kushika ukuta, akatoka. Nje nilimsikia akiita kuku wake kwa sauti ya kawaida. Nikadhani yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata tulipanda na makarai na magunia. Tulichimba ukingoni, chini ya mkuyu na mizabibu-mwitu iliyoning'inia, na udongo ulitoka mweusi, laini, wa baridi, wenye harufu ya mvua iliyonyesha zamani. Wanawake waliimba nyimbo za kanisa. Mimi nilijaza beseni langu hadi juu, nikaliteremsha kilimani bila kupumzika, nikarudi mbio kwa la pili. Tuliujaza ule udongo katika pakiti tupu za maziwa ya shule, zile za pembetatu, nilizokuwa nimeziokota uwanjani na kuziosha. Baada ya hapo hakuna mche uliotoka na rangi ya njano. Ilipanda kijani, imenyooka, safu kwa safu, na mama alikuwa akisimama asubuhi kuitazama kabla hajawasha moto.

Nyanya hakuja tena kukaa jikoni kwetu. Chakula nilimpelekea. Alishukuru, akala. Nilipomuuliza kama anaumwa alisema ni magoti.

Kisha mdogo wangu akashikwa na homa. Ilianza na kikohozi kidogo, ikashuka kifuani. Mbavu zake zikawa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na ziwa akalikataa. Mama alimpeleka zahanati, akachomwa sindano, akarudishwa nyumbani na maagizo ya kurudi kwa sindano nyingine. Usoni alikuwa na rangi ya majivu. Nilikuwa nikimpakata mtoto mama anapopika, na nilisikia pumzi yake ikikwaruza kama jani lile la mringaringa, nikachukia kwamba nimelifikiria.

Jirani yetu ndiye aliyesema, akiwa ameshika sufuria alilokuja kuazima. "Mama Kitalu, sindano ni nzuri. Lakini mtazame na nani ana moyo mzito hapa nyumbani."

Mama akasema yeye ameokoka.

"Umeokoka wewe. Moyo wa mwenzio nao umeokoka?"

Kwetu watu husema hasira ya ndugu haikai pale ilipo. Hata ukiinyamazia, hata kama humtakii mtu mabaya, inaweza kukutoka bila idhini yako ikamwangukia aliye dhaifu nyumbani, na mara nyingi huyo ni mtoto. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hujaza maji kinywani, au pombe ya miwa, huyapuliza kama ukungu, na husema wazi ni nini kilichomkasirisha na kwamba sasa kimetoka. Lazima kiwe kimetoka kweli. Anayetasa na uongo anamwongezea mgonjwa.

Sikuwahi kuona ukali wa jambo hili mpaka siku zile. Sisi ndio tuliomkosea nyanya, lakini macho ya watu yalimgeukia yeye. Aliyekosewa ndiye aliyepaswa kujitafuta. Alianza kutembea ua kwa kuzunguka mbali, asipite karibu na mlango wetu. Nilipompelekea uji alinizuia kizingitini.

"Amenyonya?"

"Kidogo, nyanya." Hakuwa amenyonya.

"Mimi nimeutafuta moyo wangu," akasema. "Usiku nautafuta, asubuhi nautafuta. Nasema umetoka. Nikija kuona vile vijipakiti vyenu vimepangwa pale, naukuta umerudi." Aliuzungusha uji kwenye kikombe bila kunywa. "Wewe ulisema yanakuwa nini vile? Majani."

Nilitazama vidole vya miguu yangu. "Mboji."

"Mboji," akasema taratibu, kama anayeonja. Hakuwa ananikejeli. Ningefurahi kama angenikejeli.

Baba mkubwa, kaka yake baba, aliitwa kutoka shambani kwake. Alikaa kwenye kigoda uani, nyanya upande mmoja na mama upande mwingine na mtoto mapajani, na mimi nikajifanya ninafagia.

"Mama," akasema kwa nyanya, "mtoto huyu ni wako."

"Najua ni wa nani."

"Basi tasa, tumalize."

"Naweza kupuliza maji hata sasa hivi. Mnataka nipulize uongo juu ya mtoto? Udongo urudi kule. Ukirudi, nitakuja mwenyewe, hamtaniita."

Mama alimpakata mtoto vizuri. Aliposema, sauti ilimtoka nyembamba. "Miche ile si yangu, mama. Ni ya chama. Watu wanangoja mvua waipande. Nikiutoa udongo nimeiua."

"Sijakwambia uue kitu."

"Umeniambia nini basi?"

"Nimekwambia udongo urudi."

Mtoto akakohoa. Sote tulingoja amalize, na hakumaliza upesi. Baba mkubwa alikuwa akichora chini kwa kijiti, akifuta, akichora tena.

Bwana Miti alipopata habari alikuja, na nilitumaini angesema neno la kitabuni ambalo lingetuokoa. Alivua kofia, akasalimia, akakitazama kitalu kwa muda mrefu. "Miche ya miti ya kule irudi kule na udongo wake," akasema. "Mikuyu, miringaringa, miwiri. Tuipande kwenye yale mashimo yetu. Bibi, hiyo itafaa?"

Nyanya alifikiri. "Ya kule, ndiyo. Ile mingine sitaki ikanyage."

Hapo ndipo nilipoitwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua miche kwa majani yake hata ikiwa midogo kama kidole. Nilipita safu kwa safu nikitenga. Haikuchukua muda. Kila Jumamosi tulikuwa tumejifunza miti ya kwetu, tukaigombania majina, tukainusa majani. Lakini tulipootesha, tuliotesha migrevilea na mikaratusi, kwa sababu hukua haraka na watu walitaka nguzo na mbao. Ya kwetu ilijaa karai moja na nusu. Iliyobaki, safu baada ya safu, ilikuwa ya kutikiswa udongo.

Mama aliitikisa mwenyewe. Alimkabidhi jirani mtoto, akapiga magoti, akachana kila pakiti kwa kisu, akagonga udongo taratibu ndani ya gunia mpaka mizizi ikabaki mitupu na myeupe. Nilipiga magoti kando yake kumsaidia. Alinionyesha jinsi ya kuigonga bila kuikata, na hilo ndilo neno pekee alilonipa siku hiyo. Tuliifunga mizizi kwa matope mekundu na magamba ya migomba, tukailaza kivulini. Jua la mchana lilipogeuka, majani yalikuwa yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Wanawake wa chama waliokuja kuona walisimama uani. Ni jirani yetu aliyesema, na mdogo wangu begani kwake, akijaribu mzaha na mzaha ukimshinda: "Haya, Mama Kitalu. Sasa tukuite nani?"

Mama aliendelea kugonga udongo.

Tulipanda na magunia, baba mkubwa akitangulia. Nyanya alisimama chini njiani na hakusogea zaidi ya pale alipozoea kuteremsha mzigo. Yale mashimo yetu yalikuwa bado wazi, na nilishangaa jinsi yalivyokuwa mengi. Niliyakumbuka kuwa machache. Tuliurudisha udongo ndani, tukapanda mikuyu midogo na miringaringa na miwiri. Hatukuimba. Niliposhindilia udongo kwa viganja niliusikia ule ubaridi wake, na bado niliupenda. Hilo pia halikunipa amani.

Jioni hiyo, kabla hatujawasha taa, nyanya alikuja kama alivyoahidi. Mdogo wangu alikuwa amechomwa sindano ya pili siku iliyotangulia, na tangu adhuhuri joto lake lilikuwa limeanza kushuka, au mama alisema limeshuka. Nyanya alikuwa na maji kwenye kata. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mama, akamwomba amfunue mtoto kifua, akanywa funda moja na kulipuliza. Lilitoka kama vumbi la maporomoko ya maji. Mtoto alishtuka, akafumba macho.

"Nilikasirika," nyanya akasema. Alizungumza na kifua cha mtoto, si nasi. "Nilikasirika kwa udongo wa babu yako, nao umerudi. Nikakasirika zaidi kwa kuwa nilichekwa. Mama yako alinicheka, na dada yako akanicheka, nami nimekaa jikoni mwao ninawachambulia maharagwe. Hilo ndilo lililonikaa." Akapuliza tena. "Limetoka. Sina kitu. Mtoto apone, anyonye, anenepe."

Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Nilitaka kusema nisamehe nyanya, na sikujua kama mtoto anaruhusiwa kuongea pale. Hakuna aliyenigeukia. Kata haikuletwa kwangu. Mpaka leo nafikiri kwamba kama ingeletwa ningejua la kusema.

Mdogo wangu aligeuza uso, akatafuta, akalipata ziwa. Tulimsikia akimeza. Alinyonya kwa pupa, akakohoa, akarudi tena, na mabega ya nyanya yakashuka kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akatabasamu. Akamnyooshea mama kata.

"Nawe mwanangu. Kama una lako, mtoto asibaki na la mtu."

Mama aliipokea. Alitazama yale maji, akatazama mlangoni, ambako nje, kandokando ya ukuta, miche ya chama ilikuwa imelala na magamba yake ya migomba. Alijaza kinywa. Mashavu yake yalivimba. Tulingoja, baba mkubwa mlangoni, nyanya ameinamisha kichwa, mimi ukutani nikisali kwa nguvu zangu zote kwamba apulize.

Akayameza. Niliona koo lake likishuka.

Nyanya naye aliona. Aliuweka mkono wake juu ya mguu wa mtoto, akaukanda kidole kimoja kimoja. Kisha akachukua kata yake, akainuka kwa kushika ukuta.

"Mfunike," akasema. "Baridi inapanda. Siku ukiweza, unajua ninapokaa."

"Usiku mwema, mama," mama akajibu, na uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa maji yapi.

Baba mkubwa akatangulia kumshikia mkono kwenye ngazi ya mawe. Nyanya akatoka nyuma yake, nami, ili baridi isimfikie mtoto, nikaufunga mlango.